Siku Kumi na Nne, Bila Kuzidisha

Ubao wa bei ulikuwa umetundikwa nje ya ofisi ya kambi ya magari ya likizo, nami niliusoma mara tatu kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Nafasi moja ya kuegesha gari, bei hii. Kila mtu mzima, ongeza. Mtoto, ongeza kidogo. Umeme, ongeza. Mbwa, ongeza. Ukifunga turubai ubavuni mwa gari, ongeza. Ijumaa na Jumamosi, ongeza, na wiki za likizo ya shule bei yote inapanda karibu mara mbili. Chini kabisa, kwa herufi nyekundu, waliandika kwamba hakuna ruhusa ya kulala hapo zaidi ya siku kumi na nne mfululizo, na ukishatoka usirudi mpaka mwezi upite. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wenzetu hawa hawana habari ya jembe. Wanakuhesabia siku kumi na nne, kisha wanakuonyesha lango.

Sisi tulihitaji siku ishirini na moja.

Tulikuwa tumepanga nyumba Hodge Hill, huku Uingereza, kwa miaka tisa. Mwenye nyumba akaiuza, na bahati nzuri sisi nasi tulikuwa tumeshaanza kununua yetu, nyumba ndogo ya vyumba viwili na nusu kule Tyseley, karibu na karakana ya treni anakofanya kazi mume wangu. Kila kitu kilikuwa kimetiwa sahihi. Halafu bibi aliyekuwa akituuzia akaambiwa fleti yake ya uzeeni haijawa tayari, na siku ya kupewa funguo ikasogezwa mbele wiki tatu. Aliyenunua tulikopanga hakutaka kusikia habari ya wiki tatu. Vitanda na makochi tukavipeleka kwenye stoo ya kukodi. Tukabaki watu watatu: mimi, mume wangu, na binti yetu wa miaka kumi na sita, ambaye wiki hizo hizo alikuwa akifanya mitihani yake ya GCSE, ile ya kumaliza sekondari. Hilo ndilo lililokuwa likiniamsha alfajiri. Mimi na baba yake tungeweza kulala hata kwenye kiti cha basi, lakini mtoto anayefanya mitihani anahitaji mahali pa kulala panapojulikana.

Mtu atauliza, hamna watu? Tunao, wengi mno. Kanisa letu la Wakenya hukodi ukumbi Aston kila Jumapili alasiri, na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Siku wakili alipopiga simu kwamba karatasi zimetiwa sahihi, nilisimama mbele ya watu nikatoa ushuhuda. Nikasema Mungu ametupa nyumba. Sikusema atatupa, nilisema ametupa. Akina mama wakapiga vigelegele, wakanizunguka na kunivika leso, na mchungaji akaiombea nyumba ile chumba baada ya chumba, mpaka na bafu. Sasa ningewapigiaje simu akina mama wale wale, wiki mbili baadaye, niwaambie hatuna pa kulala? Mume wangu aliniambia mficha uchi hazai. Nikamwambia mimi nimeshazaa, inatosha, awashe gari.

Gari lenyewe ni lile lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, kampavani. Alikuwa amelinunua miaka minne nyuma kwa fundi mmoja wa Tyseley bila kuniuliza. Miaka yote minne nililisema. Nililiita jeneza lenye mapazia. Tulikuwa tumelala ndani yake mara mbili tu, na mara zote mbili nilirudi nyumbani na shingo iliyokakamaa. Sasa nilipanda nikiwa nimebeba sufuria ya ugali, pasi, na mabegi manne, na mume wangu hakusema neno. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Kambi ilikuwa ya umma, ndani ya bustani kubwa pembezoni mwa jiji, bei yake nafuu kuliko zile za watu binafsi na basi linapita karibu na lango. Tulipofika nilimwambia mume wangu abaki kwenye gari. Yeye ni mtu wa kulipa anachoambiwa. Mimi nimekulia sokoni Gikomba, nikimsaidia mama kuuza mitumba, na huko kanuni ni moja: anayenunua shati moja analipa bei ya shati moja, anayebeba bunda zima anauziwa bei ya bunda. Bei ni maelewano. Na mteja ukitaka kupunguziwa, unamhakikishia muuzaji kwamba hutaondoka, utakuwa wake wa kila siku.

Msimamizi alikuwa mzungu mwembamba wa miaka sitini hivi, miwani yake imening'inia kifuani kwa uzi. Nilimsalimu, nikauliza habari za watu wake, nikaegemea kaunta, nikaanza. Nikamwambia sisi si watu wa kulala usiku mmoja na kutoroka. Sisi ni watu wa siku nyingi, pengine hata mwezi, atatuona mpaka atuchoke. Nikamwambia kwa kweli hatuna pengine pa kwenda, hapa kwake ndiko nyumbani. Kisha nikatabasamu, nikamuuliza, kwa watu kama sisi, anatufanyia bei gani?

Niliona uso wake ukibadilika, nikadhani anapiga hesabu. Akaweka kalamu chini. Kwa adabu kabisa akanieleza kwamba usiku wa kwanza na wa mwisho bei ni ile ile. Kisha akasema kambi ile kisheria ni ya watu walio likizoni, wenye makao yao kwingine, na kama kweli hatuna makao kwingine, hawezi kutupokea hata kwa usiku mmoja.

Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Kule nilikokulia, maneno yale yangenipunguzia robo ya bei na kuniongezea soksi za bure. Hapa yalikaribia kutulaza barabarani. Nikacheka kicheko kikubwa, nikamwambia natania tu, sisi Wakenya ndio tulivyo, bila shaka tuna nyumba, tumekuja kupumzika kama familia. Akanitazama kidogo, akanisogezea fomu. Palipoandikwa anwani ya kudumu niliandika ile ya Hodge Hill, nyumba ambayo asubuhi ile ile nilikuwa nimerudisha funguo zake. Nikalipa siku kumi na nne, bei kamili, pamoja na umeme.

Nilipomweleza mume wangu nilichoandika, alizima injini akakaa kimya. Yeye ni mzee wa kanisa. Kimya chake kile kilinichoma kuliko angenikemea, nami nikamjibu kana kwamba amenikemea, nikamwambia kama anataka kwenda kutubu, ofisi ile pale, ila aanze kwanza kutafuta pa kumlaza mtoto. Hakwenda.

Basi tukawa watu wa likizo. Nilitangaza amri ndani ya gari: kuanzia leo tunapumzika, na tuonekane tunapumzika. Nikanunua kiti cha kukunja na kofia pana ya ukili kwenye duka la vitu vilivyotumika. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao, huko Aston, na wiki zile nilikuwa na shifti za alfajiri zinazoisha saa nane mchana. Nikitoka kwa mzee wa mwisho naingia choo cha supamaketi, navua sare, navaa gauni la maua, napanda basi. Nikifika kambini natoa kiti, natoa kofia, nachemsha chai, na kukaa nje nikitazama bwawa, kwa sababu dirisha la ofisi lilitazama huko huko. Mvua ya manyunyu ikija nilifungua mwavuli nikaendelea kupumzika. Nilipiga bata picha. Sijawahi kuwa na haja na picha ya bata maishani mwangu. Msimamizi akipita na toroli lake la takataka nilimpungia mkono, naye akanipungia, nami nikaendelea kutabasamu mpaka akapotea nyuma ya vyoo.

Mume wangu alitoka asubuhi na koti la mvua juu ya ovaroli. Binti nilimwambia avae koti juu ya sare ya shule. Siku mbili alivaa, ya tatu jua likawaka, akagoma. Yeye Kiswahili anakisikia vizuri, ila akijibu anajibu kwa Kiingereza.

“Mum, ni nani ataniangalia? It's boiling.”

Hicho Kiswahili cha “ni nani” ndicho kilichokuwa zawadi yangu kwa wiki nzima. Nikamwachia. Aliniambia pia kwamba amepata mahali pazuri pa kusomea jioni, pana meza na soketi, nami nikafurahi nikamwambia vizuri, bila kumuuliza ni wapi. Nilidhani ni maktaba. Nilikuwa nimeshughulika mno na kupumzika kwangu.

Nitasema ukweli mwingine, maana umri huu si wa kujitia hamnazo. Wiki ya pili ilipoanza, kile kiti kilianza kunizoea. Chai ilikuwa inaisha ingali moto. Mara moja nililala pale pale, kofia usoni, nikaamka na kujikuta sijui ni saa ngapi na wala sijali. Nikakurupuka nikatazama dirisha la ofisi, nikajiambia vizuri, umeigiza vizuri.

Lakini siku zilikuwa zinayoyoma, na zile saba za mwisho hazikuwa na mwenyewe. Tena ziliangukia wiki ya likizo fupi ya shule, ile yenye Jumatatu ya mapumziko ndani yake, wakati kila mwenye karavani Uingereza anatoka nyumbani. Nikaanza kupiga simu. Kambi ya kwanza ilikuwa imejaa tangu Januari. Ya pili ilikuwa na nafasi, ila kwa wiki hiyo bei yake ilikuwa kubwa kuliko kodi tuliyokuwa tukilipa Hodge Hill, na tayari tulikuwa tumemwaga kila kitu kwenye nyumba mpya. Ya tatu waliniuliza gari lina umri gani. Nilipowaambia, wakasema hawapokei magari ya zaidi ya miaka kumi na tano, yanaharibu sura ya mahali. Wiki ile yote binti alipaswa kujisomea kwa ajili ya karatasi za mwisho, hesabu ikiwa mojawapo, na mimi nilikuwa nikimtafutia maegesho ya hospitali, tulale humo ndani ya gari.

Siku ya kumi na mbili mume wangu alisema niwapigie akina mama wa kanisa. Alisema kwa upole. Nilimjibu kwa ukali nisioupenda, kwamba yeye ndiye aliyetaka nyumba Tyseley, na yeye ndiye aliyependa maisha ya kobe, basi na atuambie kobe hulala wapi. Binti alikuwa amelala kitanda cha juu, vidude vya muziki masikioni. Nilitoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Siku ya kumi na tatu basi lilichelewa, na mvua ilikuwa kubwa, nikafika kambini bado nimevaa sare ya kazi na beji kifuani. Nilikuwa sijafunga mlango nikasikia unagongwa. Msimamizi alikuwa amesimama mvuani na faili kwapani. Alitazama sare yangu, akatazama uso wangu, akauliza kama anaweza kuingia kidogo.

Nikamkaribisha, na kabla hajafungua mdomo nikaweka maji ya chai. Mama yangu alinifundisha kwamba mtu akishakunywa chai yako huona haya kukufukuza. Nilimkorogea ya maziwa na tangawizi, sukari vijiko vitatu bila kumuuliza. Alikunywa. Kisha akafungua faili, na humo nikaiona fomu yangu, na ile anwani ya Hodge Hill ikinitazama kwa mwandiko wangu mzuri. Nilianza kusema. Nilitaka kuomba radhi, nikajikuta naeleza habari za bibi wa fleti, na wakili, na ushuhuda kanisani, vyote kwa pamoja, mpaka Kiingereza kikaniishia.

Alinisubiri nimalize. Kisha akasema polepole:

“Haya yote binti yako alinieleza siku ya pili.”

Alimkuta, akasema, amekaa kwenye benchi la chumba cha kufulia, na sare yake ya shule, na vitabu magotini. Akamuuliza kama wako likizo, naye akamjibu hapana, tunasubiri nyumba, na nina mtihani kesho. Msimamizi akamwondolea vipeperushi kwenye meza moja ya ofisini, akamwonyesha soketi. Jioni zote zile binti yangu alikuwa akisoma nyuma ya dirisha lile lile nililokuwa nikiliigizia.

Sheria ya siku kumi na nne, akasema, si yake, na hawezi kuipinda. Lakini siku hizo huhesabiwa kwa kila kambi peke yake. Ofisi yao ina kambi nyingine ya umma upande wa pili wa jiji, na bei hufungwa siku unapoandikisha, si siku unapofika. Siku ile ile ya pili, kabla bei za likizo hazijaanza kutumika, binti alimuuliza kama anaweza kutuandikia jina huko. Akaliandika. Siku saba, bei ya kawaida, nafasi ya pembeni yenye umeme. Jina hilo lingefutwa kesho kama mzazi hajatia sahihi, ndiyo maana amekuja. Kilichobaki ni karatasi moja tu, kitu chochote kinachoonyesha kwamba tuna makao tunayoyaendea.

Barua ya wakili ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ilikuwa humo tangu siku ya kwanza, imekunjwa mara nne, pale kwenye kaunta nilipokuwa nikimwambia hatuna pengine pa kwenda. Nikamkabidhi. Aliisoma, akaniuliza kwa nini sikumwonyesha tangu mwanzo. Nilikokulia, mtu wa serikali humwonyeshi karatasi ambayo hajaiomba, maana karatasi moja huzaa ya pili, na ya pili huomba chai. Nilimwambia tu kwamba sikufikiria.

Alikata mstari mmoja juu ya anwani ya Hodge Hill, akaandika ile ya Tyseley, akanigeuzia fomu nitie sahihi pembeni. Hakusema chochote juu ya uongo wangu, nami mpaka leo sijui kama ni ustaarabu au ni kwamba aliona wengi kama mimi. Nikatia sahihi. Alipoondoka nilikaa kwenye ngazi ya gari, mlango wazi, mvua ikinirushia miguuni, nikalia na kucheka. Kifua kilikuwa chepesi, kama siku unapotua ndoo ya maji kichwani na shingo inabaki inajinyoosha yenyewe. Nilimpigia mume wangu kazini, nikamwambia tumepata, na kabla hajauliza tumepata nini nikamwambia pia anisamehe. Alisema, “Haya, mama.” Nikamsikia akivuta pumzi ndefu, na nyuma yake mitambo ya karakana.

Binti alirudi jioni, nywele zimelowa. Nilikuwa nimempikia chapati, kwenye jiko la moto mmoja, kazi ambayo sitaki kuirudia. Nilimwacha ale ya kwanza, ndipo nikamuuliza. Kwa nini, siku zote hizi, hukuniambia? Uliniona nikihangaika na simu, ukajua navua sare vyooni kama mwizi, ukaniona nikipigia bata picha.

Alisema habari ya simu hakuijua, kwamba alidhani baba yake ameshaniambia, maana yeye alimwachia ujumbe kwenye karatasi ndani ya koti la mvua. Karatasi hiyo tuliitafuta baadaye tukaikuta, imekuwa uji mfukoni. Kisha akainama, akacheza na kipande cha chapati. Alianza kwa Kiingereza, akasita, akaanza upya kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ambacho hakuwahi kunisemesha sentensi tatu mfululizo.

“Lakini hata ningejua, singesema haraka. Nilikuwa nakuona kwa dirisha kila siku, na chai yako. Mimi sijawahi kuona wewe umepumzika, Mum.”

Nilitaka kumjibu kwamba nilikuwa naigiza. Badala yake nikamwekea chapati nyingine. Miaka kumi na sita nimempikia, nimemfulia, nimemwombea, nimemkimbilia kutoka shifti moja kwenda nyingine ili asikose kitu, na kitu alichokuwa hajawahi kukiona ndicho hicho.

Siku kumi na nne zilipotimia tulihamia ile kambi nyingine, na wiki moja baadaye tukapewa funguo za Tyseley siku ile ile tuliyoahidiwa. Mtihani wa hesabu aliufanya akitokea chumbani kwake mwenyewe. Lakini mimi sikungoja funguo. Chapati zilipoisha nilipiga simu kazini, nikawaambia zile shifti za Jumamosi, na zile za ziada za jioni nilizokuwa nimejiandikia mpaka Desemba, wampe mtu mwingine.